Kwenda Bagamoyo Mkiwa Sita: Mwongozo kwa Wasafiri wa Ngara na Biharamulo

Oktoba 1860, Waingereza wawili, John Speke na James Grant, waliondoka Bagamoyo na msafara wa wapagazi kwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile. Walifika Karagwe kwa Rumanyika Novemba 1861, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Kabla ya kufika huko walikwama Rusubi, nchi ya Suwarora, katika eneo la Biharamulo ya leo. Walidaiwa hongo ya vitambaa, nyaya na shanga, wakatoa, wakadaiwa tena, ndipo wakaruhusiwa kupita. Njia waliyopita haikuwa yao. Wafanyabiashara wa Pwani walikuwa wakiitumia kupeleka nguo na shanga Karagwe, na kurudi Tabora na pembe za ndovu, na kutoka Tabora hadi baharini.

Naanza na habari hiyo kwa sababu mtu wa kwetu Kabanga, Ngara, ukimwambia aende kutembea Bagamoyo, mara nyingi atakujibu kwamba hayo ni mambo ya watu wa Pwani na Wazungu wenye kamera. Sivyo. Njia iliyoishia Bagamoyo ilipita mlangoni kwetu, na nusu ya habari za mji ule ni habari za watu wa bara: waliobeba, waliouza, waliouzwa. Mwongozo huu ni kwa kikundi kidogo kinachotaka kwenda kuuona mji huo kwa siku mbili, kikiwa na mwenyeji wa kukitembeza.

Kwa nini mwende wachache

Nimewahi kwenda Bagamoyo ndani ya basi lililojaa. Kiongozi wa matembezi alisimama mbele akieleza, sisi wa nyuma tukasikia upepo tu. Tulizunguka mji mzima kwa saa mbili, tukapiga picha, tukarudi. Nilipoulizwa nyumbani nimeona nini, nilitaja majengo. Sikuweza kusimulia hata habari moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Idadi nzuri ni watu 6, wasizidi 8. Sita wanaenea kwenye bajaji mbili, au kwenye Noah moja pamoja na mizigo. Wanaweza kusimama kwenye kibaraza cha nyumba moja wote wakasikia. Wanaweza kukaa meza moja kwa mamalishe. Tena mzee aliyemo kundini akichoka, watano wanamngoja bila manung'uniko, jambo ambalo watu 40 hawaliwezi.

Kundi linalofaa zaidi ni la watu waliozoeana kuchangishana: wanakikoba, walimu wa shule moja, wanakwaya, au ndugu. Mchague kijumbe wa kukusanya michango miezi mitatu au minne kabla ya safari. Mkubaliane mapema fedha hizo zinalipia nini: nauli, gesti, chakula, viingilio, ujira wa kiongozi, na akiba ya dharura. Akiba hiyo isiguswe kununulia zawadi.

Kabla ya kuondoka, waulizeni wazee

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Kila mmoja wenu amtafute mzee mmoja, awe Mhangaza wa Bugufi, Mshubi wa Bushubi au Msubi wa Biharamulo, amuulize: misafara ya zamani ilipita wapi? Nani alikuwa akinunua pembe? Shanga za kwanza zilifikaje huku? Kuna mtu wa ukoo aliyekwenda Pwani asirudi? Wengine watawaambia hawakusikia lolote, na hilo nalo ni jibu. Andikeni mnachopata kwenye daftari moja la kundi, msafiri nalo. Mtu anayekwenda na swali la kwao huuona mji kwa jicho jingine, na hata kiongozi wa matembezi atabadili namna ya kusimulia.

Msimu, vitambulisho na mizigo

Epukeni masika, yaani Machi hadi Mei, mvua za Pwani zinaponyesha mfululizo na magofu yanateleza. Juni hadi Septemba kuna kusi, jua halichomi sana na usiku una upepo.

Kila mtu abebe kitambulisho chake cha NIDA. Sisi tunaokaa karibu na mpaka wa Burundi na Rwanda tunajua kwamba njiani huulizwa. Tena kwenye vituo vya mambo ya kale Mtanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni.

Kabanga ni nchi ya vilima na baridi; Bagamoyo iko usawa wa bahari, ina joto na unyevu. Sweta litawafaa ndani ya basi, halitawafaa mkishafika. Bebeni nguo nyepesi za pamba, kofia, viatu vya kufungwa visivyobana, kandambili za ufukweni, chupa ya maji, dawa zenu za kila siku na dawa ya kufukuza mbu. Mji una Waislamu wengi na una heshima zake: kina mama wabebe kanga au mtandio, kina baba waache bukta kwa ajili ya ufukweni tu.

Njia ya kufika

Kutoka Kabanga hadi Pwani ni zaidi ya kilomita 1,200. Basi hupita Nyakasanza, Lusahunga, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Msikate tiketi ya kufika usiku na kuanza kutembea asubuhi yake. Wekeni siku nzima ya kupumzika, hasa kama mna wazee.

Mna njia tatu za kumalizia safari:

1. Mshuke Chalinze, mpande gari la Msata, kisha la Bagamoyo. Barabara ya Msata hadi Bagamoyo ni ya lami, kilomita 64. Njia hii inawaepusha na foleni za Dar es Salaam, na watu sita wanaweza kukodi gari moja dogo kutoka Chalinze.
2. Mshuke Dodoma, mlale, kisha mpande treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma hadi Dar es Salaam mwaka 2024. Tiketi hukatwa kwa kitambulisho. Kwa aliyechoka na basi hii ni nafuu kubwa.
3. Mfike Dar es Salaam na basi, kisha mpande daladala za Bagamoyo kutoka Makumbusho. Ni kama kilomita 65 hadi 70 kwenda kaskazini.

Mkiwa njiani, tazameni nje. Kilimatinde, karibu na Manyoni, na Mpwapwa, mkoani Dodoma, ni vituo vya ile njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo kwenye orodha yake ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza UNESCO kuwa urithi wa dunia. Ninyi mnakaa kitini. Mpagazi aliitembea kwa miezi, na mzigo wake wa kawaida ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32, begani au kichwani.

Kumpata kiongozi na kupatana naye

Msizunguke peke yenu. Kuta za Bagamoyo hazina maelezo ya kutosha, na nyumba nyingi zenye habari nzuri ni magofu ambayo mgeni atayapita bila kuyatazama. Anzieni Caravan Serai, nyumba ya kupokelea misafara, ambako mtaelekezwa kuhusu viingilio na kiongozi anayetambulika.

Kabla ya kuanza, patanani naye haya waziwazi: matembezi ni ya saa ngapi, yanafika wapi, bei ni ya kundi au ya kila kichwa, nani analipa viingilio na usafiri. Mwombeni kitambulisho chake cha kazi kwa lugha ya upole. Aliye halali hukionyesha bila kinyongo. Viingilio hubadilika, kwa hiyo ulizeni bei ya siku hiyo na mchukue risiti. Mwambieni asimulie kwa Kiswahili, polepole, na kwamba mtakuwa na maswali.

Kisha mwulizeni maswali haya, popote mtakaposimama:

- Wapagazi walilala wapi hapa, walikula nini, walilipwa nini?
- Pembe zilizotoka nchi za maziwa zilipimwa na kupakiwa wapi?
- Watu waliouzwa walitoka nchi zipi, na waliondokea wapi?
- Nyumba hii baada ya mwenyewe wa kwanza ilikaliwa na nani?
- Habari hii imeandikwa, au ni masimulizi?

Swali la mwisho ni muhimu sana. Bagamoyo ina masimulizi mengi mazuri, na kiongozi mwema atawaambia lipi ni la vitabuni na lipi ni la vibarazani. Yote mawili yana thamani, lakini mtu anayekwenda kuyasimulia nyumbani lazima ajue tofauti yake.

Siku ya kwanza: Mji Mkongwe kwa miguu

Anzeni saa moja na nusu asubuhi, mmalize kabla ya saa sita.

*Caravan Serai.* Simameni uani mfikirie umati. Misafara iliingia hapa kutoka bara, na mingine ilijiandaa hapa kuondoka. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, waliofanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari. Kijana aliyekuwa hajafika Pwani alihesabiwa bado mtoto. Hapa ndipo mahali pa kuliuliza jina la mji. Wenyeji hulieleza kwa njia mbili: kwa mpagazi aliyetua mzigo, ni kubwaga moyo, kupumua baada ya safari ndefu; kwa mtumwa aliyekuwa akingoja kuvushwa bahari, ni kuuacha moyo huku bara, kwa kuwa harudi tena. Msiikimbie maana ya pili kwa sababu inauma. Ndugu zetu wa bara ndio waliohusika nayo.

*Mtaa wa Wahindi.* Tembeeni katikati ya nyumba za mawe zenye vibaraza na milango ya nakshi. Mfanyabiashara Sewa Haji Paroo alikuwa na biashara kubwa mjini hapa: alikopesha fedha na bidhaa, akaandaa misafara ya kwenda bara. Mtu yeyote aliyewahi kuuguza ndugu Muhimbili amelisikia jina lake, kwani jengo la Sewahaji limeitwa kwa heshima yake. Alitoa mali kwa ajili ya hospitali na shule. Tazameni milango kwa makini, lakini msiguse, na msiingie uani kwa mtu bila kubisha hodi.

*Boma la Wajerumani.* Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya kwanza ya utawala wa Kijerumani, hadi yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Boma hili lilijengwa 1897, baada ya makao makuu kuhama. Kwa watu wa Biharamulo, ambao nao wana boma la Wajerumani kwao, linganisheni: kuta nene, madirisha, mahali lilipowekwa ili mtawala amwone kila anayekuja. Mji haukukubali utawala huo kimyakimya. Mwaka 1888 Pwani iliinuka chini ya Abushiri bin Salim, na vita vikafika mpaka hapa, hadi yeye mwenyewe aliponyongwa Pangani Desemba 1889. Makaburi ya Wajerumani waliokufa miaka hiyo yapo mjini, yametunzwa na yana majina. Mwulizeni kiongozi waliokufa upande wa pili walizikwa wapi.

Desemba hiyohiyo, tarehe 4, mpelelezi Stanley aliingia Bagamoyo pamoja na Emin Pasha, aliyetoka naye kwenye nchi za juu za Nile. Usiku wa karamu ya kuwapokea, Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, alianguka kutoka ghorofani akaumia vibaya. Alipopona akaajiriwa na Wajerumani, akaondoka Bagamoyo Aprili 1890, na kabla mwaka haujaisha akawa ameanzisha kituo kilichokuja kuwa mji wa Bukoba. Mji mkuu wa mkoa wetu, basi, una mzizi wake katika mtaa mnaokanyaga.

*Ufukweni na soko la samaki.* Malizieni hapa kabla jua halijawa kali. Mtaona majahazi na ngalawa, mnada wa samaki, na kina mama wakikaanga. Jamani, hawa wako kazini. Msipige picha ya mtu kabla ya kumwomba. Salamu kwanza, ununue kitu, ndipo uombe. Kwa chakula cha mchana tafuteni wali wa nazi na samaki, au pweza kwa asiyeogopa kujaribu.

Mchana pumzikeni. Jioni, jua likipoa, rudini ufukweni. Ulizeni wavuvi maji yatapwa na kujaa saa ngapi. Wengi wetu tumekulia kwenye vilima na hatujui kuogelea: mwisho wa maji uwe magoti, na asiingie mtu peke yake.

Siku ya pili: Kaole na Misheni

*Kaole* iko kama kilomita 5 kusini mwa mji. Chukueni bajaji mapema, mpatane na dereva awangoje. Hapa ni magofu ya mji wa Waswahili uliotangulia Bagamoyo: misikiti miwili, mkubwa kwa umri ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi 22, mengine yenye nguzo ndefu za mawe ambazo zamani zilipambwa kwa vyombo vya China. Bahari, ambayo zamani ilifika karibu, sasa imejitenga nyuma ya mikoko. Kaole inawafundisha kwamba Pwani haikuanza na utumwa wala na Wajerumani. Palikuwa na watu wake, dini yao na biashara yao na nchi za mbali, karne nyingi kabla. Punguzeni sauti mkiwa makaburini, na msikalie makaburi kwa ajili ya picha. Mkirudi, mwombeni kiongozi awapitishe Ngome Kongwe, jengo la mawe la karne ya 19 ambalo Wajerumani walilifanya kambi na ambalo baadaye likawa kituo cha polisi.

*Misheni Katoliki* iko kaskazini mwa mji, mwisho wa barabara yenye miembe. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na msalaba ufukweni unaikumbuka siku hiyo. Walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Ikiwa ni Jumapili, fikeni baada ya Misa, au shirikini. Makumbusho yake ni mahali pa kukaa zaidi ya saa moja: kuna picha, vyombo na habari za watu walioishi hapa. Uani kuna mbuyu uliopandwa 1868. Mtaonyeshwa mnyororo uliomezwa na shina na mtasimuliwa habari za punda aliyefungwa hapo. Wakristo wa Kagera wana deni la kumbukumbu hapa pia: msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, tunaowaita White Fathers, ulianzia Bagamoyo mwaka 1878 kwenda nchi za maziwa. Shirika hilohilo lilifika Buganda mwaka uliofuata, na mwaka 1892 likafungua misheni ya Kashozi karibu na Bukoba.

Kisha simameni kwenye kanisa la zamani la mwaka 1872. Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa hapa usiku mmoja kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na Uingereza. Alifariki kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Moyo wake ulizikwa huko, na mwili ukakaushwa, ukafungwa, ukabebwa kwa miguu miezi kama 9 na watu wake: Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright aliyesoma maneno ya maziko, na makumi ya wengine, wanaume na wanawake. Ziara nyingi hutumia muda wote hapa kwa Livingstone. Mwombeni kiongozi wenu kwa adabu atumie nusu ya muda huo kwa waliobeba. Walikuwa na kila sababu ya kumzika porini na kurudi makwao, nao wakaona ni haki afikishwe kwa ndugu zake. Huo ndio utu tunaowafundisha watoto wetu kila tunapokwenda msibani.

Jioni, kama kuna onyesho, nendeni TaSUBa, taasisi ya sanaa iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambako ngoma za nchi nzima hufundishwa na kuchezwa.

Mambo madogo yanayookoa safari

- Msimkaripie mwenzenu anayekwenda polepole. Mwendo wa kundi ni mwendo wake.
- Ijumaa mchana pisheni swala. Msipite mbele ya misikiti mkipiga soga.
- Mzee wa kibarazani ni wa kuamkiwa shikamoo. Mkikaribishwa kahawa, kaeni. Sisi tunailima, wao wanaijua kuinywa. Mkiwaambia mmetoka nchi ya kahawa mtafungua mazungumzo marefu.
- Msinunue kipande cha gofu, kigae au shanga ya kale kutoka kwa yeyote. Ni mali ya mambo ya kale, na kesho mtu mwingine atataka kuiona pale pale.
- Homa ikimpata mtu njiani au baada ya kurudi, apimwe malaria siku hiyohiyo.
- Kiongozi akiwatendea vyema, mlipeni mlichopatana na mwongezeni kidogo mbele ya wote, kwa shukrani iliyosemwa.

Usiku wa mwisho na wiki ya kwanza nyumbani

Usiku wa mwisho, kaeni pamoja na lile daftari. Kila mmoja aseme jambo moja aliloliona na jambo moja ambalo hakupata jibu lake, na mmoja aandike. Muda huo usiwe wa kuhesabu fedha. Hesabu ina siku yake.

Mkifika Kabanga, katika wiki ya kwanza, rudini kwa wale wazee mliowauliza kabla ya safari. Wapelekeeni kitu kutoka Pwani, hata kashata au nazi moja, mkae, mwasimulie mlichoonyeshwa. Mwambieni mzee jinsi ua wa Caravan Serai ulivyo, na kwamba pembe zilizopita Rusubi zilitua pale. Halafu nyamazeni, mmsikilize. Mzee aliyewaambia hajui lolote huenda akakumbuka jina la njia, kisima walichonywea wapita njia, au babu aliyerudi na nguo ambayo hakuna mtu huku aliyekuwa ameiona. Liandikeni nalo kwenye daftari lilelile, chini ya maneno ya kiongozi wa Bagamoyo, kisha mlipatie kundi la watu sita watakaofuata daftari hilo.